Bata Bukini wa Mwalimu Gaudet

Mimi, Dakta Auguste Pemberton, mhakiki mkuu wa filamu huko Montreal, natangaza kwa majonzi kwamba kicheko kimefariki dunia, na muuaji wake ni filamu ya Bwana Gaudet.

Dakta Auguste hakuwahi kuwapo. Nilimzaa mimi, Zélie Arsenault wa kidato cha nne, nikiwa nimelala kifudifudi bwenini Jumapili, tumbo likinguruma kwa maharage. Gazeti la mji wetu, ambalo halijawahi kupata barua kutoka mbali kuliko mji jirani wa Moncton, lilimpa ukurasa wa kwanza.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuanguka tu. Gaudet, mwalimu wetu wa maigizo, anateleza kwenye barafu, anatumbukia kwenye pipa la molasi, na mkewe Odile anamzaba shavuni kwa samaki aliyeganda. Iliwachukua miaka mitatu. Ilipokamilika, Odile alikuwa amelazwa, mapafu yamechoka. Daktari alimruhusu kutoka kwa saa tatu tu, siku ya Jumamosi, akakae sinemani. Picha alishaziona. Alichotaka ni kusikia ukumbi ukicheka.

Alhamisi tiketi zilizouzwa zilikuwa nne. Bi Comeau, mwenye sinema, akaiondoa filamu.

“Mwalimu, mtu wa Montreal kashasema,” alimwambia. “Mimi nani hata nibishe?”

Jumamosi Odile, ambaye Mwalimu hakuthubutu kumwambia, alifika na kiti chake cha magurudumu, akakuta filamu ya magari yanayofukuzana. Alikaa dakika kumi, akaomba arudishwe wodini. Alifariki Jumanne. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, kwa hiyo jeneza liliwekwa kwenye kibanda cha mawe nyuma ya kanisa, kungoja theluji iyeyuke.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliniita. Juu ya meza palikuwa na gazeti.

“Kaa, Zélie.”

“Pole sana, Mwalimu.”

“Ahsante. Hebu nisomee hapa.”

Nikasoma: “‘Tukio la bata bukini ndani ya bafu ni utoto usiovumilika.’ Huyu mzee mkali kweli, Mwalimu.”

“Mkali, na macho anayo. Lile tukio la bata nililikata kabla filamu haijaenda sinemani. Bi Comeau hajamwona. Mji mzima haujamwona.” Alivua miwani. “Niliwaonyesha ninyi tu, darasa lenu, mwezi wa kumi. Kuna msichana alicheka mpaka akaanguka na benchi. Nilirudi hospitali nikamsimulia Odile. Akaniuliza jina lako.”

Nilitazama viatu vyangu. Theluji ilikuwa imeyeyuka ikafanya dimbwi.

“Nilitaka kuona tu kama watamwamini,” nikasema.

“Nani?”

“Dakta. Niliandika mimi, Mwalimu. Peke yangu.”

Alilikunja gazeti polepole. Labda angenipigia kelele ningenyamaza hapo.

“Na habari ya Bi Odile kuja sinemani Jumamosi ulitueleza darasani,” nikasema. “Niliisikia. Nilikuwa bado sijaipeleka ile barua posta.”