Kipande Kisichopandwa

Tope la hori ya Mikindani halina haraka. Ukilikanyaga hukushika kifundo, likakuachia likipenda. Pascalia alishalizoea. Kila bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakishakupwa kabisa, alishuka peke yake nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, akapita katikati ya mikoko mikubwa mpaka kwenye kipande chake kitupu.

Kilikuwa kitupu kwa makusudi. Zamani, kabla yeye hajaanza shule, mafuriko yalileta mchanga ukafunika mizizi, na mikoko ya pale ikafa yote. Watafiti wakaligawa eneo lile. Upande mmoja walipanda miche. Upande wa pili wakauzungushia kamba na kuuacha vivyo hivyo, waone kama bahari itaurudisha msitu yenyewe. Kazi ikawa kutazama na kutogusa. Waliouanza utafiti walizeeka, wengine wakahamia Nairobi na ng'ambo, hata ukamwangukia Pascalia, binti wa bara aliyetoka chuo kikuu na imani nyingi kuliko marafiki. Kulikuwa na wiki zilizopita bila mtu kumwita kwa jina lake.

Bamvua iliyopita aliona kitu. Ndani ya kamba ulisimama mche mmoja wa mkoko, una majani mawili, umekuja wenyewe. Wa kwanza tangu kamba ile ifungwe. Alichuchumaa akiutazama mpaka maji yakamlowesha magoti. Aliporudi chumbani alishika simu, akatembeza kidole juu ya majina, asipate wa kumpigia. Akajiambia angoje. Mche mchanga husombwa na maji. Ukifika bamvua ya pili ukiwa hai, hapo ndipo atakapotangaza kwamba ardhi ile imeanza kupona.

Leo basi alishuka mbio, akapokewa na vigelegele.

"Haya, bibi harusi kafika!"

Aliyepaza sauti alikuwa Mwanasaumu, mcheshi wa kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko horini. Walikuwa wamesimama wote, leso wamezikaza viunoni, tope hadi magotini, na mbele yao mwenyekiti wao, Bi Mwanakheri. Nyuma yao kipande kitupu hakikuwa kitupu tena. Kilijaa miche, safu kwa safu, imenyooka kama waumini msikitini.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," alisema Pascalia, akizikodolea safu zile.

"Marahaba, mwanangu. Twakuona sisi. Kila maji yakitoka waja, wainama, wenda zako, na hakioti kitu. Tukasema, maskini mtoto wa watu, mkono wake hauna baraka. Wallahi tulikuonea imani. Ndipo tukakupandia."

"Mimi nilisema ameolewa na tope," Mwanasaumu alidakia. "Nikasema basi tumpe na watoto!"

Wakacheka, wakapigana makofi mikononi. Pascalia hakucheka. Alikuwa akiizunguka kamba, macho yakiruka kutoka mche hadi mche.

"Bi Mwanakheri, humu mlikuta mche mmoja?"

"Ule? Tuliukuta. Ulikuwa umekaa kombo, nje ya safu. Tukaung'oa taratibu, tukauweka na wenziwe. Hatukuutupa, usihofu!"

"Safu ipi?"

Bi Mwanakheri akageuka kuonyesha. Mkono wake ukabaki hewani. Akatazama safu hii, akatazama ile, kisha akaushusha.

Pascalia akaanza kulia. Vicheko vikakatika. Alieleza huku akijifuta kwa bega, kwa kuwa viganja vilikuwa na tope: kwa nini kipande kiliachwa, na kwamba ule mmoja haukupandwa na mtu.

"Mbona hukutwambia?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Sikuwa na wa kumwambia."

"Na sisi? Sisi ni vigingi?"

Pascalia aligeukia kamba. Aliitazama miche. Angeweza kuiacha; ingekua, wanawake hawa wangekuwa wakija kuitazama, naye asingeshuka tena peke yake. Lakini kipande kile kingesema uongo maisha yake yote.

"Nisameheni, mama zangu," alisema. "Lazima itoke. Yote."

"Na ule wako?"

"Na ule pia. Siujui tena."

Mwanasaumu ndiye aliyeinama wa kwanza, na hakuwa akitania. "Tulisema huna baraka," alinung'unika akitupa mche karaini. "Baraka ndiyo hii unayoing'oa." Wengine wakafuata. Waliompokea kwa vigelegele wakang'oa miche safu kwa safu, wakabeba karai zao kwenda kuipanda upande wa juu wa hori, kwenye eneo lao wenyewe.

Bi Mwanakheri alibaki nyuma kidogo. "Ukiota mche mwingine," alisema bila kumtazama, "nyumba yangu waijua." Kisha naye akaondoka.

Maji yalianza kurudi. Yaliingia mashimoni moja baada ya jingine, tope likajifunga juu yake. Pascalia alisimama nje ya kamba mpaka mashimo yote yakafutika, pakabaki patupu. Alipokwisha kuhakikisha kwamba hakuna mche uliosahauliwa, alijikokota kutoka topeni, akapanda kuelekea zilikokwenda sauti za akina mama.