Upande wa Mjomba Syahuka

Ko-ko-ndi. Ko-ko-ndi. Kisha kimya, kama mtu aliyekosa ngazi moja, halafu ko-ko-ndi tena. Sauti ilitufikia barabarani kabla hatujaliona hata bati la nyumba. Nilikuwa nyuma ya bodaboda na begi langu la shule, nimetoka Kasese kwenda Bwera kwa likizo ya Agosti, na mwenye pikipiki akauliza mbona wimbo ule una tundu. Nililijua lile tundu ni la nani.

Endara yetu sisi Wakonzo ni mbao nene zilizopangwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, kubwa mwisho huu, ndogo mwisho ule. Ya nyumba ile hupigwa na watu watano, kila mmoja na vijiti vyake na sauti zake chache. Mmoja akikosekana, wimbo unavuja. Mjomba wangu Syahuka aliichonga mwenyewe. Wengine walikaa upande mmoja na yeye peke yake ng'ambo, akiwatazama usoni na kuwacheka waliochelewa.

Tulimzika mwezi wa sita. Matanga yalikuwa yaondolewe Jumamosi, na kaka yake mkubwa, mzee Eridadi wa Maliba, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba kama siku hiyo nyumba haitakuwa na mikono ya kupiga, ataifunga endara kwa kamba aende nayo kwake, ambako wanawe wanapiga. Hakuwa na ubaya. Mbao zikikaa bure huliwa na mchwa.

Immy, binti wa marehemu, alitaka ibaki. Alikuwa na mikono yake, ya mama yake Rusi, yangu (hadi nifike Immy alipiga sehemu yangu pamoja na yake), na ya Katembo, jirani aliyehamia na wazazi wake kutoka Butembo, wanaouza vitenge soko la Mpondwe. Wa tano alikuwa mdogo wake, Nobert, na Nobert alikuwa amelala kwenye benchi nje ya jiko, kidole gumba kikisukuma kioo cha simu juu, juu, juu.

Shuleni Kasese, ninakosoma na Nobert, simu ni marufuku, kwa hiyo likizo ikifika tunazirukia kama wenye kiu. Lakini yeye alizidi. Immy alikuwa amembembeleza, akamtisha, akaificha chaja. Mimi, ambaye mashairi hayanishindi, nilimtungia ubeti wa kejeli nikauimba mbele ya wasichana waliotoka kuteka maji. Walicheka mpaka madumu yakamwagika. Nobert hakuinua hata uso, na ubeti wangu, mzuri kama ulivyokuwa, haukuleta mkono wa tano.

Nikaketi kando yake. Akaniambia kwamba hata haoni anachokitazama. Bao limefungwa, mtu kaanguka na baiskeli, mwanamke anapika, kinachofuata.

"Nikiiweka chini," alisema, "nyumba inanyamaza."

Wako watu wanaosimama mbele yetu wanafunzi na kutuita wavivu kwa sababu ya simu. Ningependa mmoja wao awe amekaa kwenye benchi lile. Maana kila baada ya muda kidole kilisimama kwenye video moja ya endara, aliyoipiga Krismasi akiwa nyuma ya bega la baba yake. Mjomba alionekana mikono tu, na Nobert akiitazama vidole vyake viligonga pajani bila yeye kujua.

Sikumwomba aache simu. Nilimwambia vigogo vya mgomba vimeoza na siwezi kubeba vipya peke yangu. Tukashuka shambani na panga. Utomvu ukamchafua mpaka viwiko, na kigogo kikamteleza begani kikaviringika hadi kwenye zizi la mbuzi wa jirani. Nilimsikia Nobert akicheka. Simu ilikuwa imebaki kwenye benchi, maana mikono ile haishiki kioo.

Tulipokwisha kupanga mbao, Katembo akamrushia vijiti.

"Mutu mukubwa hivi, unaogopa mbao?"

Nobert akaketi kati yangu na Immy. Ilikuwa aibu tupu. Kila kijiti chake kiliangukia pasipotakiwa, na kila alipojirekebisha aliharibu zaidi. Immy akaviweka vyake chini, akajifunika uso kwa kanga. Nobert akainuka kuielekea simu yake.

"Ngoja," Katembo alisema. "Huyu haiko anakosa. Iko anapiga kama mutu ya ng'ambo ile."

Tukaifungua ile video kwenye simu yake. Kwenye video mbao kubwa zilikuwa kushoto, kama baba yake alivyoziona. Upande wetu ziko kulia. Vidole vya Nobert vilikuwa vimejifunza kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa tangu mazishi.

Mama Rusi alichukua ufagio, akafagia pale ng'ambo, akaweka kigoda.

Nobert akaketi pale, akakosea mizunguko ya kwanza. Kisha ko-ko-ndi ikaja, na pale palipokuwa na kimya ikaanguka sauti yake, nzito, na wimbo ukajaa. Mikono ikaanza kufukuzana. Immy akaongeza mwendo ili amtege, Nobert akamfuata, Katembo akapiga kelele kwamba tunamkimbiza kama ng'ombe wa mnada. Nobert akainua macho akatucheka, usoni, mmoja mmoja. Tulipoacha, mbuzi walikuwa wamesharudi nyumbani na simu ilikuwa imeisha chaji. Hakuiulizia.

Jumamosi mzee Eridadi alifika na kamba begani. Tulipiga. Nobert alikosea mara moja, akarudi ndani ya wimbo kabla mzee hajakunja uso. Tulipomaliza, mzee alibaki amesimama, kamba ingali begani.

"Mmepiga," alisema. "Lakini wiki ijayo mnarudi Kasese. Mchwa hawana likizo."

Immy akamtazama mdogo wake. Nobert akasimama kutoka kwenye kigoda cha baba yake, vijiti mkononi.

"Baba mkubwa, mama na Immy watazilaza mbao juu ya moshi wa jiko, mchwa wasizifikie. Nami nakuahidi, siku ya kwanza ya kila likizo, kabla sijawasha simu, nitakata vigogo na kukaa hapa. Krismasi njoo bila kamba. Utatusikia toka barabarani, kabla hujaiona nyumba."