Kipele cha Mbu kwenye Kidevu cha Junie

Kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla ya chakula, Odell Coley alifungua kopo la dawa ya kafuri, akachota kidogo kwa kidole cha shahada na kumpaka mkewe Ardith kwenye kidevu, upande wa kushoto. Alizungusha kidole tu. Hakusugua huku na huko, maana kusugua kulizidisha muwasho. Ardith alifumba macho na kuinua kidevu. Jikoni maharage yalikuwa motoni na mkate wa mahindi ulikuwa kwenye oveni. Kipele hicho kilitokana na kung'atwa na mbu mwaka elfu moja mia tisa sabini na sita, na kilikuwa bado kinawasha.

Ardith alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Magoti yake yalikuwa ya miaka hiyo hiyo, na shingo na mikono vilevile. Uso ulikuwa wa miaka kumi na tisa, kwa sababu haukuwa wake. Ulikuwa wa kampuni.

Sisi wa Madison, upande huu wa Nashville, tulikwisha kulizoea jambo hilo. Mhudumu mpya tu wa mgahawani ndiye angeweza kukosea.

"Mzee, mjukuu wako nimletee kuku wa pilipili ya kawaida, au ile ya kumliza?" aliuliza mmoja.

"Huyu ni mume wangu," Ardith alisema.

"Makubwa. Babu, kumbe bado una nguvu za kuhangaika na vijana."

"Mimi ndiye mdogo," Odell alisema. "Kanizidi miezi minne. Mletee ya kumliza."

Uso huo ulianzia California, kwenye tamthilia ya televisheni ya msichana aitwaye Junie aliyeishi kwenye nyumba kando ya mto. Ardith ndiye aliyekuwa Junie. Odell alikuwa fundi wa taa. Sasa, tamthilia hazipigwi picha kwa mfuatano. Mwisho unaweza kupigwa Jumatatu na mwanzo ukaja Alhamisi, kwa hiyo kuna mtu ambaye kazi yake ni kupiga picha ya kila kitu ili kibaki kama kilivyokuwa: kikombe, kifungo cha shati, nywele. Siku ya kwanza walianza na mwisho. Ardith alikuwa ameng'atwa na mbu asubuhi ile. Picha ikapigwa, kipele kikiwemo. Basi ikabidi kipele kiwepo Alhamisi, kiwepo wiki iliyofuata, kiwepo mwaka uliofuata. Mpambaji alipouliza kama angeweza kukifunika, mkubwa wa kampuni, Bwana Lathrop, alisema kilichomo kwenye picha kimo. Wakubwa ni hodari wa kupiga picha na kutunga sheria. Kuwashwa huwaachia wengine.

Mkataba ulikuwa na vipengele vingi, na cha kumi na moja kilisema sura ya Junie itabaki kama ilivyo kwenye picha ya kwanza, nayo ni mali ya kampuni. Ardith alitia sahihi juu ya boneti ya gari, nje ya chumba cha kupigia picha, akiwa na njaa. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Odell, aliyeishia darasa la nane na ambaye hakuwahi kuzipenda herufi ndogo, ndiye aliyemmulikia taa ili aone pa kuandika. Hajajisamehe mpaka leo.

Tamthilia ikaendelea miaka mitano, ikafa. Kampuni ikauzwa kwa kampuni nyingine, na ile nayo ikauzwa. Hakuna aliyekuja kuuchukua uso. Ardith na Odell walioana, wakahamia Nashville, kwa sababu alichotaka Ardith tangu utotoni ni kutunga nyimbo na kuziimba mwenyewe. Odell alipata kazi ya kutengeneza viyoyozi.

Nyimbo alizitunga, tena nzuri. Alitunga wa magoti yanayotabiri mvua. Alitunga wa mwanamke anayepanga meza kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Aliupenda kuliko zote ule wa mama yake aliyekuwa akimenya maharage barazani huku akisikiliza mlango uliomtoa mumewe. Kwenye ofisi za nyimbo walimsikiliza vizuri, mguu ukipiga mdundo chini ya meza.

"Wimbo mtamu, binti," walimwambia. "Ila nani atakubali kusikia habari za magoti kutoka kwenye kinywa hicho?"

Wakazichukua nyimbo na kuwapa wenye makunyanzi. Wale waliziimba na watu wakalia. Jina la Ardith lilikaa chini, kwa herufi ambazo Odell aliziona kwa lenzi.

Kila Januari Ardith aliiandikia kampuni akiomba waje wachukue uso wao. Kila Machi kampuni ilijibu kwamba inamshukuru kwa kuendelea kuutunza.

Kila Jumanne jioni walikwenda kwenye duara. Hiyo ndiyo desturi ya watunzi wa hapa: viti vinne katikati ya ukumbi, watunzi wanatazamana, wasikilizaji wamewazunguka. Zamu inakwenda kushoto. Kabla ya kuimba unasema wimbo ulikotoka, na ukianza kuimba hakuna anayetia neno, hata mwenye kiu hawezi kuagiza kinywaji. Lakini zamu ya Ardith ilipofika, kabla hajafungua kinywa, mtu wa nyuma alikuwa akiita, "Junie! Tuimbie ule wa nyumba kando ya mto!" Huo ulikuwa wimbo wa kufungulia tamthilia, mistari minane, na hakuutunga yeye. Ardith alikuwa mtu wa adabu. Aliuimba. Walipenda sana, wakaomba urudiwe, na zamu zake zikaishia hapo. Miaka thelathini alikwenda na wimbo wa maharage na kurudi nao nyumbani, kama mtu anayepeleka chakula msibani akakuta mlango umefungwa.

Mwaka alipotimiza miaka sitini na minane, mwezi wa tisa, daktari alimpima moyo, akautazama uso wake, akatazama cheti cha kuzaliwa, kisha akasema moyo ndio uliokuwa unasema kweli, na ungedumu mpaka majira ya kuchipua, labda.

Kwenye gari Ardith hakulia. Alisema, "Odell, nataka niuimbe ule wa maharage nikiwa na uso wangu. Mara moja tu. Mara mbili itakuwa tamaa."

"Nikuvute hapo shavuni tuone kama unatoka?"

"Ulishajaribu mwaka wa themanini na nne. Ulinivunja jino."

"Lilikuwa bovu lile."

Barua ikaja mwezi wa kumi, safari hii bila kuulizwa. Kampuni ilikuwa inairudisha tamthilia ya Junie kwa kizazi kipya na ilihitaji uso. Jumanne asubuhi alifika mwanamke nadhifu aitwaye Bi Prentiss, akiwa na boksi la mviringo kama la kofia, na ile picha ya kwanza ndani ya bahasha. Odell alimpa chai baridi ya sukari. Bi Prentiss aliisifu chai, akaomba bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa safi.

Alilowesha penye mpaka wa nywele, nyuma ya masikio, chini ya taya. Uso ukatoka kwa kipande kimoja, kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Aliulaza kwenye boksi, akaulinganisha na picha.

"Kipele kipo," alisema, akatia alama kwenye karatasi.

"Kinawasha," Odell alimwambia. "Huyo mtakayemvika mwambieni."

"Hilo halimo kwenye fomu, mzee."

Alipoondoka, Odell alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe. Uso wa Ardith ulikuwa mweupe kama chipukizi la kiazi kilichosahaulika stoo, kwa kukaa gizani miaka arobaini na tisa. Lakini kila kitu kilikuwemo. Paji la uso lilikuwa na mistari mitatu ya kusubiri barua. Pembeni mwa macho palikuwa na makunyanzi ya jua ambalo halikuwahi kupafikia. Shavu la kushoto lilikuwa na mkunjo mrefu wa kicheko, na Odell aliujua: ameuchimba yeye, kidogo kidogo, kwa mizaha ya miaka yote, bila kuona kama kuna kitu kinachochimbika.

"Sema basi, baba."

"Umefanana na shangazi yako Nola."

"Yule wa sharubu?"

"Wewe sharubu huna."

"Ngoja, bado mapema," Ardith alisema, akacheka, na mkunjo ukakaa mahali pake. Odell akaugusa kwa kidole. Walikaa hivyo mpaka saa ya chakula cha mchana ikapita, na maharage yakashika sufuria.

Saa kumi na mbili Odell alifungua kopo la kafuri kwa mazoea, akakumbuka.

"Hakiwashi," Ardith alisema. Kisha akainua kidevu. "Paka tu. Hiyo harufu nimeizoea."

Kwenye ukumbi, Cletus Yarbrough, msimamizi wa duara na mtu wa maneno mengi, alikuwa mlangoni na orodha.

"Karibu, mama. Odell, mkeo yuko wapi leo?"

"Ndiye mimi, Cletus. Uso wameuchukua."

Cletus alimtazama kidogo. "Aa," alisema. "Kaka yangu walimchukulia jina, hata kesi hakushinda. Angalia hicho kiti, mguu mmoja unacheza."

Watu watano waliokuja kumwona Junie waliuliza yuko wapi, wakaambiwa hayupo, wakaondoka. Waliobaki hawakumjua bibi aliyekaa kwenye kiti cha tatu. Zamu ilipomfikia, hakuna aliyeita wimbo wowote. Alisema wimbo ulikotoka: barazani kwa mama yake, mwaka ambao baba alitoka kwenda kutafuta kazi na hakurudi. Kisha akauimba.

Ulikuwa wimbo wa polepole. Maharage yalidondoka kwenye beseni moja moja, na kila lililodondoka ukumbi mzima ulilisikia. Mtu wa vinywaji alisimama na glasi mkononi mpaka mwisho. Odell, kwenye kiti cha nyuma, aliangalia taa ya juu na kuona imewekwa vibaya. Ilimwangukia mkewe upande mmoja na kuonyesha kila kunyanzi. Safari hii hakutaka kuisogeza.

Baadaye mwanamke wa kiti cha pili, mtunzi mgeni kutoka Kentucky, alimshika Ardith mikono. "Mama yangu, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kwenye kiti hiki hiki, mwanangu."

Tamaa ikaingia kweli. Aliimba Jumanne kumi na moja. Mkubwa mmoja wa ofisi ya nyimbo alikuja kumsikiliza, akafuta macho kwa leso, akamfuata mlangoni.

"Nyimbo tamu, mama, na uso unaosema kweli," alisema. "Ila kwa umri huu nani anakujua? Ungekuja ukiwa kijana."

"Nilikuja," Ardith alisema. "Nilimkuta baba yako."

Alikufa Aprili, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Odell alipeleka gazetini picha ya uso wa Ardith mwenyewe, aliyompiga barazani mwezi wa pili. Gazeti lilisema wasomaji hawatamtambua, likatoa ya Junie. Chini yake waliandika kwamba amefariki akiwa na miaka sitini na minane, na watu kadhaa wakapiga simu kusema gazeti limekosea umri. Kanisani Cletus aliuimba ule wa maharage, vibaya, na hakuna aliyetia neno.

Tamthilia mpya ilianza kuonyeshwa Septemba. Msichana mgeni alikuwa na uso wa Junie, na kipele kilikuwa mahali pake, kwa sababu kilichomo kwenye picha kimo. Odell aliona mapema kuliko wengine. Msichana alipokuwa akisema maneno yake, mkono ulimpanda kidevuni, akaushusha. Ulipanda tena. Katika sehemu ya tatu alijikuna waziwazi mbele ya padri.

Odell alikaa na kalamu jioni mbili. Aliiandikia kampuni kwa mwandiko wake wa darasa la nane kwamba binti anawashwa, kwamba dawa ni kafuri ya kopo la kijani, kabla ya chakula, kuzungusha bila kusugua, na kwamba ni vizuri kuwe na mtu wa kumpaka, maana mwenyewe huwezi kujipaka sawasawa. Jibu lilikuja Machi. Kampuni ilimshukuru kwa kuipenda tamthilia. Uso umekaguliwa na wataalamu, nao hauna muwasho. Kipengele cha kumi na moja bado ni kile kile, hata nukta haijaguswa. Msichana yule alikwisha kutia sahihi ya miaka saba.

Tamthilia huonyeshwa saa kumi na mbili jioni. Odell huweka maharage motoni, huvuta kiti mbele ya televisheni na kufungua kopo. Junie anapotokea karibu, huchota kidogo kwa kidole cha shahada na kukipaka kidevu pale kwenye kioo, upande wa kushoto, akizungusha. Msichana hunyamaza katikati ya sentensi, hufumba macho na kuinua kidevu. Wanaoigiza naye humsubiri. Kisha anaendelea na maneno yake, mikono ikiwa imetulia mapajani, na Odell anafuta kioo kwa mkono wa shati na kwenda kugeuza maharage.