Kabati Lazima Litoke

Shida yote ya Afande ilitokana na kulisema jambo mbele ya watu, tena kwa ile sauti yake ya kusimamisha malori.

"Kabati lile litoke," alimwambia mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, siku familia ilipokuwa mezani. "Kinyozi kazi yake kunyoa. Watu wazima na ndevu zao wanapanga foleni mbele ya kabati linalopiga kelele, wanabonyeza bonyeza vitufe, upuuzi mtupu. Litoke."

Mkwe akainamisha kichwa. "Sawa, Mama."

Hakuwahi kumjibu zaidi ya hapo. Tangu amwoe binti, maneno yao wawili yalikuwa shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Kati ya mkwe na mama mkwe adabu ilikuwa nyingi mno, mpaka mazungumzo yakakosa pa kukaa. Kinyozi aliogopa kuonekana mjuaji, Afande aliogopa kuonekana mwepesi, basi wakawa wanapishana uani kila mtu na heshima zake.

Jina la Afande alilipata kazini. Maisha yake yote ya ajira alikuwa askari wa barabarani, katikati kabisa ya makutano makubwa ya mji, glavu nyeupe mikononi na filimbi mdomoni. Alipostaafu alirudisha filimbi na glavu, lakini mkono wake wa kushoto haukukubali kustaafu. Akikasirika, kiganja kilipanda juu chenyewe, na yeyote aliyekuwa mbele yake alisimama, hata kama alikuwa anakwenda zake chooni. Alikuwa hapindui kauli. Ukishayasimamisha magari, alikuwa akisema, ukianza kusitasita wanakugonga.

Na kabati lenyewe? Lilikuwa mashine ya gemu ya zamani, ndefu kuliko mtu, imechubuka pembeni, na nyota zilizochorwa ubavuni zimebanduka nusu. Ilikuwa na kioo, kirungu kifupi cha kuendeshea na vitufe viwili. Kinyozi aliiokota kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa, akaing'oa sehemu ya sarafu ili wateja wanaosubiri zamu wacheze bure, akaisimamisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Afande, ambacho alikuwa amepewa afanyie kazi. Chini ya kioo unapewa ndege moja ndogo. Juu wanatokea maadui, nao wanamwaga risasi za waridi na za buluu mpaka kioo kinajaa na huoni pa kupitisha sindano. Hakuna kichaka cha kujificha, hakuna ngao. Wewe kaa hai, basi.

Sasa sikia kilichompata mwenye kauli yake. Mchana mmoja, siku chache baada ya kusema litoke, mkwe alifunga duka akaenda kula, na kabati likabaki linaimba peke yake. Afande alikuwa amejilaza chumba cha pili. Alivumilia, akashindwa, akachukua ufunguo wa akiba, akaingia kulizima. Swichi hakuiona. Alibonyeza kitufe cha kwanza kilichompitia mbele, gemu likaanza, na kabla hajafungua mdomo kulaani, ndege yake ikalipuliwa.

Mtu mwenye akili zake angeondoka. Lakini huyu alikuwa mwanamke aliyesimama katikati ya mabasi na malori tangu ujana, na hakuna hata baiskeli iliyowahi kumgusa. Leo kitone cha waridi kimemgonga! Aliona ametukanwa. Akavuta kigoda, akakaa.

Kuanzia hapo kila mchana alikuwa na ukaguzi wa chumba. Ndivyo alivyomwambia binti yake, na binti hakuuliza anakagua nini. Afande alijifungia, akajichua viganja na dawa yake ya maungo, ile inayonuka karafuu na mnanaa mpaka barabarani, kisha akashika kirungu.

Mwanzoni alifanya kosa la kila mtu, aliangalia risasi. Ukizikodolea macho utazifuata mwenyewe mpaka zikuue. Alikufa, akafa tena, akalitukana kabati kwa matusi aliyokuwa ameyaweka akiba kwa madereva wa malori. Ndipo siku moja akakumbuka jinsi alivyokuwa akisimama kazini. Askari mgeni huangalia magari, akachanganyikiwa. Aliyezoea huangalia nafasi iliyopo kati ya gari na gari, magari yenyewe anayaacha yapite. Akalegeza macho. Zile risasi zikateremka polepole, zimepangana, na katikati yake kulikuwa na vijia. Akagundua na jingine: ndege nzima haikuwa na neno, risasi ziliweza kupita juu ya mabawa na mkia zisiidhuru. Kilichokuwa cha kulindwa ni kitone kimoja tu cheupe tumboni mwake. Akasogea unywele kushoto. Akatulia. Mvua yote ikapita huku na huku, naye yupo.

Afande alicheka kwa sauti. Furaha ile hakuwa ameionja tangu siku aliyovua sare, na hakuwa amejua kwamba ilimpotea. Kisha akageuka haraka kuhakikisha hakuna aliyemsikia.

Alipoipita alama ya kila mtu, gemu likamtaka aandike herufi tatu za jina lake. Hakujua namna ya kubadilisha herufi, akabonyeza, akabonyeza tena, na pale juu kabisa pakasomeka AAA.

Kesho yake duka likachafuka. Afande alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa ukuta, sikio limesimama.

"AAA ni nani?" Huyo alikuwa fundi cherehani wa jirani, mtu mnene aliyekuja kunyoa hata kama hana nywele za kutosha, mradi acheze.

"Atakuwa yule bwana wa gereji. Ana vidole."

"Wa gereji hawezi hata hatua ya pili. Huyu bwana si mchezo. Huyu bwana ni hatari!"

Afande alitabasamu ndani ya shuka alilokuwa analikunja. Siku zilivyokwenda AAA alizidi kupaa, na sifa za yule bwana zikazidi kunenepa, mara ni rubani, mara ni mganga wa meno. Na tabasamu la Afande likaanza kuchacha. Bwana? Kwa nini iwe bwana? Alitamani kuugonga ukuta ule awape habari yao. Lakini kuugonga ukuta maana yake kula maneno yake mwenyewe mbele ya fundi cherehani, na huyo akijua kitu, mji umejua.

Jioni moja mkwe alimjia uani, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Lile kabati, Mama. Nimetii. Nimepata mtu wa kulichukua, anakuja Jumamosi mchana."

Afande akamgeukia. "Analipeleka wapi?"

"Anataka kioo na nyaya tu. Mbao atapasulia kuni." Mkwe alikuna shingo. "Na yale majina ya juu ndiyo basi. Likichomolewa kwenye umeme yanafutika yote, halina kumbukumbu."

"Vizuri," alisema Afande. "Litoke."

Aliingia ndani akakaa kitandani. Alitaka kulia, na alikasirika kwamba anataka kulilia kabati. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu, libaki, nalo lilikataa kutoka.

Jumamosi ikafika, na pikapu ikafika nayo, inakohoa. Akashuka mwanamume mwenye kichwa kinachong'aa, hana hata unywele. Afande aliwajua wateja wote wa mkwe wake, lakini huyu Kipara hakuwahi kumwona, na haikuwa ajabu, kwani kinyozi angemfanyia nini? Duka lilikuwa limejaa. Fundi cherehani yuko kwenye kiti, amefungwa shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Afande alitoka na mkoba wake kwapani, akaizunguka pikapu polepole, akapiga tairi teke.

Kama mdomo ulikataa kulitetea kabati, sheria za barabarani zingelitetea.

"Indiketa ya kushoto."

Kipara akajaribu. Kimya.

"Imekufa," alisema Afande kwa raha. "Kioo cha pembeni kimefungwa na gundi ya karatasi. Honi?" Honi ikatoa sauti ya mtu anayesafisha koo. "Na tairi kipara."

"Dereva naye kipara!" mtu alidakia kutoka ndani, na duka zima likaangua kicheko.

"Gari hili halibebi mzigo kutoka mlangoni kwangu. Likatengenezwe kwanza."

Kipara hakubabaika hata kidogo. "Sawa, Afande. Nitaita fundi aje na taa. Acha nisubiri ndani." Akaingia, na ili kupitisha muda akashika kirungu. Alikufa mara moja. Akajaribu tena, akafa upesi zaidi, akacheka.

"Jamani, kumbe hili mnalililia? Na huyu AAA mnayemwimba, hamjui kwamba ni uongo? Kiwandani huwa wanayaweka tu majina haya yavutie watu. Hakuna binadamu aliyewahi kufika alama hii."

Watu waliguna. Fundi cherehani akataka kubisha, mashine ya kunyolea ikamkaba sikioni.

"Hata mimi nimeanza kuamini hivyo," alisema kinyozi kwa huzuni, bila kuinua macho. "AAA si mtu."

Afande alikuwa mlangoni. Si mtu! Michana yote ile, viganja vinamuuma, kiuno kinalia, halafu si mtu. Alisikia joto linapanda kuanzia shingoni. Akapita katikati ya watu, akauweka mkoba kwenye mapaja ya fundi cherehani. "Nishikie." Akamgeukia Kipara. "Wewe, pisha."

Alitoa kichupa cha dawa, akajichua viganja mbele ya macho yao, akavuta kigoda, akakaa.

Hatua ya kwanza walidhani anabahatisha. Ya pili wakaacha kucheka. Ya tatu ndiyo ya lile dubwana lenye mabawa sita, lililokuwa limewazika wote waliokuwa mle ndani, na duka likasogea likamzunguka, hata fundi cherehani akaja na shuka lake, mkoba kifuani. Dubwana likafunguka. Risasi zikatoka pande zote kwa pamoja, kioo kikajaa waridi kona hadi kona.

Na Afande akaachia kirungu. Kiganja cha kushoto kikapanda juu.

"Simama," aliiambia ndege yake.

Ndege ikasimama. Risasi zikaja, zikapita juu ya bawa la kulia, zikapita juu ya bawa la kushoto, zikamaliza kupita. Mtu mmoja alisahau kupumua, ikabidi apigwe mgongoni. Kisha kiganja kikashuka, kirungu kikashikwa, na dubwana likalipuka vipande vipande.

Gemu lilipomalizika lilitaka herufi tatu. Afande alibonyeza mara tatu. AAA.

"Bwana AAA ni Afande!" fundi cherehani alipiga ukelele.

"Bibi," alisema Afande. "Bwana wako mwenyewe umemtoa wapi?"

Walimpigia makofi mpaka vichupa vya spiriti vikatikisika rafuni. Alisimama, akalinyoosha gauni. Lile neno lililokuwa limegoma likatoka lenyewe. "Nilisema kabati litoke. Sasa nasema libaki. Mwenye swali?"



"Basi mimi niende zangu," alisema Kipara, upesi kidogo kuliko ilivyofaa.

Afande akamtazama. Kisha akaitazama pikapu kupitia mlangoni, sehemu ya nyuma, tupu kabisa, safi.

"Wewe. Umekuja kubeba kabati refu kuliko mtu, peke yako, bila hata kipande cha kamba?"

Kipara akamtazama kinyozi. Kinyozi akawa ameona jambo la maana sana kwenye sikio la fundi cherehani.

Indiketa aliiona. Tairi aliziona, honi aliisikia. Kamba, kitu cha kwanza ambacho askari yeyote angeuliza, ikampita. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumgonga, na leo amegongwa na mkwe wake mpole, asiyejua zaidi ya sawa Mama.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu wiki ile ya kwanza, Mama." Kinyozi aliongea na lile sikio. "Kirungu kinanuka dawa yako. Nikawaza nikwambie, nikashindwa nianzie wapi. Na kulitoa siwezi, na kukukatalia siwezi. Ndipo nikamwomba rafiki yangu huyu aje."

Kiganja kikapanda. Duka zima likaganda, Kipara akafumba macho kabisa. Kikakaa hewani, na hapo kinyozi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliinua uso akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Mama, samahani. Lile dubwana unalipitaje? Mimi linaniua kila siku."

Miaka yote ile swali lake lilikuwa moja tu, kama amekula. Afande aliona aibu, na pia aliona furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Akauteremsha mkono, akakisogeza kigoda pembeni kidogo, watoshe wawili.

"Njoo hapa, baba," alisema. "Kwanza kabisa acha kukimbiakimbia."

Kinyozi akaiweka mashine ya kunyolea mezani, akaja akakaa.

"Na kichwa changu?" aliuliza fundi cherehani, upande mmoja nywele, upande mmoja hakuna.

Afande aliinua kiganja bila kugeuka, na fundi cherehani akarudi kwenye kiti chake kusubiri.