Mahindi Yasiyotoa Vumbi

Miaka yote aliyofanya kazi katika shamba la mbegu nje ya Nyeri, Wakiuru alirudi nyumbani na vumbi la manjano la chavua kichwani, kwa kung'oa maua ya juu ya mahindi ili yasijizalishe yenyewe. Mwaka ule wa tisini na nne alitikisa ua, lisitoke vumbi hata chembe. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani, na mahindi yalisimama kimya kama yanaota.

"Haya usiyang'oe, Mama Watiri," akasema Mutahi, mtaalamu wa mbegu. "Dume lake ni tasa. Ndani ya kila chembe hai mna majiko madogo mno yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Agizo la kuzuia vumbi limo humo, na mtoto huyapata majiko hayo kwa mama peke yake."

"Na watu je?"

"Hata watu."

Binti pekee wa Wakiuru, Watiri, alipewa jina la mama mkwe, ndiyo desturi ya kwao: binti wa kwanza humrudisha mama wa baba, wa pili mama wa mama. Jina la mamake mwenyewe lilimngoja binti wa pili, ambaye hakuzaliwa, na mama huyo akafa akingoja.

Jioni alimkuta Watiri akipuliza moto. Akaketi, akamkazia macho.

"Unaangalia nini, mami?"

"Mama yangu," akasema Wakiuru. "Kumbe alifika kitambo."