Vidonge vya Samaki wa Bwana Mbayo

Mukalay alifundishwa kazi na Tshilombo, na hilo hakuweza kulificha hata pale alipotaka. Namna alivyoshika chupa ya kupimia, namna alivyoandika tarehe kwanza kabla ya kupima chochote, hata namna ya kukohoa kidogo kabla ya kumpa mkubwa habari mbaya, yote yalikuwa ya Tshilombo. Miaka tisa walikaa katika maabara moja huko Kolwezi, wakipima shaba na kobalti kwenye matope yaliyotoka kiwandani, na nyumba zao katika mtaa wa wafanyakazi zilitenganishwa na ua wa mabati tu. Mukalay alikuwa Mluba wa kaskazini ya Katanga. Tshilombo alizaliwa Kolwezi, na baba yake vilevile. Lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na mwaka ule wa 1993 watu walikuwa wanahesabiana mababu.

Kwenye dirisha la maabara Tshilombo alifuga samaki. Aliachiwa na mhandisi Mbelgiji aliyekimbia wakati wa uporaji wa mwaka 1991. Ni samaki mdogo, hazidi kidole, lakini mapezi yake ni marefu na mapana, yanamfuata ndani ya maji kama kitenge cha bibi harusi. Wazungu walimwita mpiganaji, kwa kuwa madume mawili hayawezi kukaa chupa moja. Tshilombo alibakiwa na dume moja jekundu. Alilikamatia viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi, akalitazama kila asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Mukalay alimcheka. Hakuwahi kuinama kutazama.

Mwezi wa tatu vijana walikuja mtaani na mapanga na filimbi. Walipiga mabati, wakapiga kelele kwamba wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai, watoke, warudi kwao. Tshilombo alitoka na mkewe Mianda, na binti yao Kabedi wa miaka kumi na mmoja, na godoro moja, na sufuria. Mukalay alisimama nyuma ya pazia. Mkewe, Yolande, alitaka kutoka, Mukalay akamshika mkono. Kabedi aligeuka mara moja kutazama nyumba yao, kisha wakaenda stesheni walikokusanywa wenzao wote, kungoja treni ya Kasai.

Jumatatu iliyofuata Mukalay alipewa kiti cha Tshilombo. Alijiambia kwamba angekataa, angekipata mwingine, na hilo lilikuwa kweli.

Treni haikuja, au ilikuja ikajaa kabla ya zamu yao. Mwezi wa nne ukapita, na wa tano. Kutoka nyumbani kwa Mukalay mpaka stesheni ni mwendo wa saa moja kwa miguu, naye hakwenda. Yolande alipopika chakula cha kupeleka alimkataza. "Kule kuko batu banaandika majina," alisema. "Unataka na sisi tufukuzwe?"

Samaki alichukuliwa na mkuu wa idara, Bwana Mbayo. Alimweka sebuleni kwake katika tangi kubwa la kioo, na mle ndani akapanda mmea wa plastiki wenye majani ya kijani kibichi. Wageni walimsifu. Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi ikiwa imeshika kweli, mkia wa samaki ulikutwa umechanika mistari mitatu. Siku chache baadaye kwenye ncha zake kukaonekana weupe. Mbayo akamwita Mukalay.

"Wewe njo mutu ya maabara," alisema. "Kama ni ugonjwa, utatia hii dawa mu mayi. Kama hapana, usitie, ataungua. Lakini akikufa, na ile kiti yako utaiacha."

Alimpa vidonge sita vya tetrasiklini, nusu nyekundu nusu njano. Katika zahanati ya kampuni wakati ule hata dawa ya malaria ilikuwa imekwisha. Mukalay hakuuliza vilitoka wapi. Alibeba samaki nyumbani katika chupa ya mayonezi, na mmea wake wa plastiki ndani. Akakaa mbele ya chupa muda mrefu. Jeraha au ugonjwa? Hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu.

Kesho yake akachora ule mkia kwenye karatasi, akatia vidonge kwenye mfuko wa shati, akaenda stesheni.

Watu walikuwa wamelala mpaka kwenye reli. Wengine walijifunika shitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada, wengine magunia. Moshi wa kuni mbichi ulimchoma macho, na harufu ya watu wengi wasio na choo ilimfanya apumue kwa mdomo. Tshilombo ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amekonda mpaka shingo ikabaki mishipa, lakini alicheka kwa furaha.

"Mukalay! Nilimwambia Mianda, ule ndugu atakuya tu!"

Mianda alikaa chini ya shitingi, kichwa cha Kabedi mapajani. Mtoto alikuwa na midomo mikavu na macho yaliyozama. Mukalay aliwasalimu. Hakuwa ameleta hata kipande cha mhogo, na alijua kwamba Mianda ameitazama mikono yake. Akaona heri aseme haraka.

"Tata Tshilombo, ni juu ya ile samaki. Iko kwa chef Mbayo sasa, mu tangi."

Furaha ilimtoka Tshilombo usoni polepole. Kisha akanyoosha mkono akapokea ule mchoro, kama alivyokuwa akipokea karatasi za vipimo.

"Ilichanika siku moja, ao pole pole?"

"Siku moja. Asubuhi walikuta vile."

"Anakula?"

"Anakula muzuri."

"Ukingo uko namna gani? Mweusi? Mwekundu?"

"Mweupe kidogo, ku ncha."

"Mweupe kama pamba, ao kama kioo?"

Mukalay alikiri kwamba hakutazama hivyo.

"Utazame," alisema Tshilombo. "Ugonjwa unakula pezi kila siku, linafupika, ukingo unakuwa mweusi ao unaota pamba, na samaki analala chini, hataki chakula. Jeraha linakuya mara moja, na ukingo wake ni safi. Kile cheupe kama kioo ni ngozi mupya, pezi linaota. Mbayo alitia nini mu tangi? Majani ya plastiki? Twaa soksi ya nailoni ya mama Yolande, uipitishe juu ya yale majani. Ikinasa, njo yalipasua mkia. Yatoe. Mayi safi, ya vuguvugu, chumvi kidogo. Dawa hapana."

Ndipo macho yake yakashuka kwenye mfuko wa shati. Kitambaa kilikuwa chepesi, na vidonge sita vilionekana.

"Ile ni tetra?"

Mukalay aliweka mkono juu ya mfuko.

"Basi samaki hana lazima nayo," alisema Tshilombo, na sauti yake ilibadilika. "Unipatie. Kabedi anahara tangu jana, kama mayi ya mchele. Muuguzi wa hapa anasema hii dawa ingesaidia, lakini hana hata kimoja."

Hapo ndipo Mukalay alipopatwa na wazo ambalo baadaye hakuweza kulitoa kichwani, kwamba Tshilombo anasema samaki ni mzima kwa sababu anavitaka vidonge. Miaka tisa hakupata kusikia kipimo cha uongo kutoka kinywani mwa mtu huyu. Lakini miezi mitatu redio na mikutano na majirani walikuwa wamemwambia watu hawa ni wajanja, na neno lililorudiwa sana hukaa mahali hata usipolikaribisha. Angesema vilevile, aliwaza, hata kama samaki ameoza.

"Ni ya chef," alisema. "Aliihesabu. Nitamuuliza, kesho nitarudi."

Tshilombo hakusihi mara ya pili. Aliyesihi ni Mianda.

"Tata Mukalay," alisema bila kuinuka, maana mtoto alikuwa amelala. "Huyu alikulia ku nyumba yako. Alikula ku mukono ya Yolande."

"Kesho," Mukalay alisema, akaondoka.

Jioni alifungua vidonge viwili akamimina unga ndani ya chupa. Maji yakawa manjano. Asubuhi samaki alikuwa juu kabisa, anahema, na Yolande amesimama mbele yake. Mukalay alimweleza yote, kwa kuwa aliulizwa. Yolande alikwenda chumbani akarudi na soksi ya nailoni, ile ya kwendea kanisani. Akautoa mmea wa plastiki, akapitisha soksi juu ya majani. Ilinasa jani la kwanza. Ilinasa la pili, ikachanika uzi mrefu. Kisha akabeba chupa mpaka mlangoni penye jua, akatazama mkia kwa karibu.

"Ni kioo," alisema. "Alikuambia kweli. Vimebakia ngapi?"

"Vinne."

"Nenda."

"Nina kazi asubuhi..."

"Mukalay, nenda!"

Alikwenda kazini kwanza, kuandikisha jina. Saa sita akatoroka, akatembea, na mahali pengine akakimbia.

Chini ya ile shitingi Mianda alikuwa peke yake. Hakuinua kichwa. Tshilombo alikuwa anarudi kutoka nyuma ya bohari ya reli na wanaume wengine wawili, na udongo mwekundu ulikuwa kwenye magoti ya suruali yake. Kabedi alikufa alfajiri. Mukalay alielewa kabla hajaambiwa, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kutoka mfukoni na vidonge.

Tshilombo alivipokea. Akavitazama kiganjani.

"Vinne," alisema. "Bingine biko wapi?"

"Mu mayi ya samaki."

Tshilombo alimwita mwanamke mmoja aliyekuwa akimpepea mumewe kando ya reli, akampa vyote, akamwelekeza amwulize muuguzi namna ya kumpa. Kisha akamgeukia Mukalay.

"Na ule ukingo ulikuwa wa namna gani?"

"Wa kioo."

Akaitikia kwa kichwa, kama zamani alipopokea kipimo kilicholingana na cha kwake. "Nilikuambia," alisema, akaenda kukaa karibu na mkewe.

Muuguzi, alipoulizwa, alisema hata kama vingefika jana, labda visingefaa kitu, labda vingefaa. Mtoto alikuwa amekauka sana. Mukalay alirudi na ile labda, akalala nayo, akaamka nayo.

Mkia ulipona, mwekundu mpaka ncha. Bwana Mbayo alimsifu mbele ya wageni. Mwezi wa kumi na moja mashine za kiwanda zilisimama kwa kukosa vipuri, Mbayo akahamia Lubumbashi, na maabara ikafungwa kwa kufuli. Hapakuwa tena na kiti cha kugombania.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Tangu siku ile ya vidonge Yolande alikwenda stesheni kila mchana na sufuria ya uji kichwani, wala hakuomba ruhusa. Wa kuandika majina kama walikuwapo, hawakumgusa. Mukalay hakumkataza, na hakumfuata. Jioni moja ya mwezi wa nane alirudi mapema, sufuria tupu, akakaa kwenye kizingiti kuosha miguu yake vumbi.

"Benyewe ba kule stesheni beko je?" Mukalay aliuliza.

"Balienda. Treni iliondoka juzi; huu uji nimepatia benye kubakia."

"Juzi? Na haukuniambia?"

Yolande alimwagia maji mguu wa pili.

"Ningekuambia," alisema, "ungekuya?"

Mukalay alifungua kinywa. Jirani aliyepewa nyumba ya Tshilombo alikuwa anapigilia misumari upande wa pili wa ua, anaongeza mabati. Mukalay alingoja amalize. Alipomaliza, Yolande alikuwa amekwisha kuingia ndani.