Mstari wa 218

Jina lililokuwa kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa lake, na lilikuwa jina la maiti.

Nyatichi alilisoma mara ya kwanza akitabasamu, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyelichapa kwenye kisanduku cha kutafutia, kama mtu anayejaribu kufuli kwa ufunguo wa kwanza unaomjia mkononi. Akalisoma mara ya pili, tabasamu likiwa limemganda mdomoni kama uji uliosahauliwa sufuriani. Mara ya tatu hakulisoma jina, bali vilivyolifuata. Mstari wa 218. Nyatichi, binti wa Nyamusi na Orina. Alizaliwa 9 Machi 1999. Uzito, kilo mbili na robo. Na kwenye safu ya mwisho, ambayo kwa watoto wengi ilikuwa tupu: amefariki, 12 Machi 1999.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye kitambulisho chake. Mama alikuwa mama yake, baba alikuwa marehemu baba yake. Nje ya dirisha, mji wa Sindo, kando ya ziwa, uliendelea na Jumatatu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanawake walikuwa wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani, na injini ya boti ilikohoa mara mbili ikashika. Nyatichi alijigusa shingoni, penye mshipa. Aliona haya kwa alichokuwa akikifanya, lakini hakukiondoa kidole mpaka alipousikia ukipiga.

Kompyuta ile ilikuwa ya zahanati ya masista iliyofungwa miaka sita iliyopita. Siku ya kufungwa, muuguzi wa zamu, Sista Damaris, aliipakia kwenye mkokoteni akaipeleka nyumbani kwake na kuifunika kitambaa cha kufumwa, akaitunza kama mtu anavyomtunza mgonjwa asiye na jamaa. Vitabu vya karatasi vya zahanati havikuwa na bahati hiyo. Ziwa lilipofura na kuingia mijini bila kubisha hodi, lilivigeuza kuwa uji. Watu mia sita na zaidi waliozaliwa pale wakabaki bila ushahidi wowote duniani isipokuwa ndani ya sanduku lile la rangi ya maziwa yaliyochacha.

Mmoja wao alikuwa Obare, mvuvi wa kisiwa cha Remba, kijana wa miaka ishirini na mitano asiyekuwa na kitambulisho. Kila alipokutana na askari wa doria ziwani aliulizwa ni mtu wa nchi gani. Alivuka maji kila Jumatatu kuja kuuliza kama mashine imezungumza. Ofisi ya usajili Homa Bay ilikuwa imeweka sharti moja tu: orodha ichapishwe nzima kutoka kwenye programu ile ile, bila mstari kuongezwa wala kuondolewa, kisha isainiwe na Sista Damaris na fundi aliyeifungua. Hapo ndipo waliozaliwa pale wangepata vyeti.

Nyatichi aliipokea kazi hiyo ya kuifufua mashine kwa moyo mkunjufu wa mtu aliyehitimu chuo juzi. Aliamini kwamba kilichoandikwa hakipotei, kilichopotea hupatikana, na kinachopatikana huwaponya watu. Lakini diski iliyobeba programu ilikuwa imekufa. Kumbukumbu zenyewe zilisalimika kwenye diski ya pili, na CD ya kwanza ya programu ilikuwepo, ila alipoisimika na kuzifungua kumbukumbu, ikagoma. Zilikuwa zimehifadhiwa na toleo jipya kuliko lile la kwenye CD. Palihitajika sasisho la mwaka 2003, faili dogo lisilofikia ukubwa wa picha moja ya simu.

Kulitafuta kulimchukua miezi minne. Kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imekufa bila kuacha mrithi, na anwani yake ya mtandaoni sasa iliuza viatu. Mchana kutwa, katika duka la Yakub mjini Migori alikokuwa akitengeneza simu na kompyuta, alipekua mabaraza ya wapenzi wa mashine za kale na kubofya viungo vilivyompeleka kwenye kurasa tupu. Yakub, aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi, alimwita fundi wa mizimu.

"Fundi," alimwambia siku moja akipanga chaja ukutani, "wenzako wanatafuta wachumba huko mtandaoni. Wewe unatafuta dawa ya bibi kizee aliyekwisha zikwa."

"Hajazikwa, Yakub. Amezimia tu."

"Haya. Akiamka mwambie namdai salamu."

Mwishowe alijibiwa na mzee mmoja wa Ureno, mhasibu mstaafu aliyekuwa ameweka sasisho lile kwenye flopi ndani ya kopo la biskuti. Mzee alimtumia faili, akaongeza onyo: sasisho hukataa kusimikwa likiona mwaka wowote baada ya 2005. Irudishe nyuma saa ya mashine kwanza.

Ndivyo Nyatichi alivyofanya asubuhi hiyo ya Jumatatu, sebuleni kwa Sista Damaris. Aliirudisha saa hadi Juni 2003, na programu ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Kwa kuwa programu ilikokotoa umri kwa kufuata saa ya mashine, watu wazima wote wa orodha ile walirudi utotoni mara moja. Obare, aliyekuwa ameketi barazani na ndevu zake, humo ndani alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Nyatichi alicheka peke yake. Akatamani kujiona naye, akachapa jina lake. Umri wa watoto wengine ulifuata saa. Wa mtoto wa mstari wa 218 haukusogea. Siku tatu.

Aliposikia kandambili za Sista Damaris zikija kutoka jikoni, mkono wake ulizima kioo kabla akili haijauruhusu.

"Imesema nini, nyathina?" Sista aliuliza, akimwita mwanangu kwa Kijaluo kama alivyowaita wote aliowazalisha. Alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai.

"Bado inagoma, Sista."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi ile, nao ulitoka laini, bila kukwaruza koo. Obare aliambiwa hivyo hivyo. Hakulalamika. Alisema atarudi Jumatatu nyingine, akashuka kwenda ufukweni akiwa amekunja suruali hadi magotini. Nyatichi alimtazama akienda, huku akijua kwamba jina la kijana yule lilikuwa pale mezani, hatua tatu kutoka barazani alipokuwa ameketi, limezimwa kwa kidole kimoja.

Sista alipotoka tena, Nyatichi aliwasha kioo. Programu ilikuwa tayari kutii. Aliuchagua mstari, akabonyeza kufuta, na programu ikamuuliza kama ana hakika. Nani angejua? Palikuwa na majina mia sita na kumi na mawili. Cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chake, shahada ambayo mama yake aliitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, vyote vilisimama juu ya tarehe ile moja. Orodha ikifika Homa Bay na mstari ule, mtu angeuliza fundi Nyatichi ni nani, na mama yake aliitoa wapi kadi ya zahanati iliyompatia cheti. Aliisoma hakika iliyoulizwa, akaitafuta ndani yake, hakuiona. Akabonyeza hapana, akaomba ruhusa, akaondoka.

Kesho yake, sokoni Migori, alimkuta mama yake akipima omena kwa kopo la gorogoro. Nyamusi alikuwa mwanamke wa maneno machache, Msabato aliyefunga kibanda chake Ijumaa kabla jua halijazama hata kama wateja wamepanga foleni. Nyatichi hakujua pa kuanzia, akamwambia tu alichokisoma, kwa mpangilio ule ule: jina, siku, uzito, kufa.

Gorogoro lilisimama hewani. Omena kadhaa walidondoka juu ya gunia. Nyamusi alimwambia mteja arudi baadaye, akakifunika kibanda kwa turubai ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, kisha akaketi humo gizani pamoja na bintiye, magoti yao yakigusana.

Alieleza bila machozi. Mama mkwe wake, Nyatichi mkubwa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwa desturi ya Wakisii jina lake lilimngojea msichana wa kwanza kuzaliwa. Msichana akaja, akapewa, akaondoka nalo siku ya tatu. Wazee wakasema jina la bibi halijapata pa kukaa, na mtoto wa kike atakayefuata atalichukua. Yule aliyefuata alizaliwa Remba, ambako Nyamusi alikuwa amekwenda kununua omena. Hapakuwa na zahanati wala kadi. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwalimu alipotaka cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mtihani, nyumbani palikuwa na kadi moja tu yenye jina hilo.

"Nilidhani nimeiazima," Nyamusi alisema. "Halafu nikaona haya kuirudisha."

Nyatichi alitaka kukasirika, akatafuta hasira kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, mkono ukarudi mtupu. Kilichokuwepo ni mshtuko tu, baridi na mkubwa, kama sakafu iliyoondolewa huku miguu bado ikikumbuka kusimama. Maisha yake yote alikuwa amewasikia majirani wakimwita mama yake Mama Nyatichi, na hakuwahi kuuliza tangu lini.

"Nilipoanza kuitwa hivyo," mama yake alisema, kana kwamba amelisikia wazo, "hukuwa bado wewe."

Alipotaka kujua kaburi liko wapi, mama alijibu kwamba lilikuwa nyuma ya nyumba waliyopanga Sindo, karibu na maji. Lilikuwa. Ziwa lililifunika mwaka ule lilipofura, na sasa wavuvi hufunga mashua juu yake bila kujua. Hakukuwa na picha. Hakukuwa na shuka. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu asichostahili, Nyamusi aliuliza kama kweli mashine ile ilikuwa imemwandika.

"Imemwandika, Mama. Jina na uzito. Naweza kumfuta. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayekuita mwongo."

Nje, mtu aligonga turubai akiuliza kama kuna omena wa Remba, akaenda zake.

"Acha waniite," mama yake alisema.

Jumatano walifika Sindo pamoja. Sista Damaris alimwona Nyamusi mlangoni. Alimtazama yeye, akamtazama binti, akautazama mtambo, kisha akasogeza kiti mbele ya kioo na kukipangusa kwa ncha ya leso yake. Nyatichi alimwomba radhi kwa uongo wa juzi. Sista alimwambia kwamba aliwahi kuandika vifo vingi kwa mkono wake, na kwamba hata yeye kuna mistari ambayo huipita haraka.

Nyamusi hakujua kusoma kompyuta, lakini alijua kusoma jina lile. Alikiweka kidole juu ya kioo, polepole, kama mtu anayepima joto la maji ya kuogeshea mtoto.

"Hapa ndipo alipo?"

"Hapo."

Hakukitoa kidole mpaka Nyatichi alipolazimika kumgusa begani ili achapishe. Karatasi zilitoka ishirini na moja, moja baada ya nyingine, mashine ikilalama kwa kila mstari. Damaris alitia saini yake ya kiuuguzi, ndefu na isiyosomeka, akamsogezea fundi fomu. Jina kamili. Alishika kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu shule ya chekechea mkono haukujua njia. Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimwinamia.

"Andika. Ni lako. Yeye alikushikia tu."

Akaandika. Herufi zilitoka kubwa kuliko kawaida, zimeinama upande. Kisanduku kilichofuata kilitaka tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kusaini, na hapo kalamu ikasimama. Aliinua macho. Kwa ukelele wa moyo uliokuwa umenyamaza siku tatu nzima, aliuliza kitu ambacho kila mtu duniani hukijua kabla ya kujua kusoma.

"Mama, mimi nilizaliwa lini?"

Nyamusi alivuta kiti. Alifikiri, na uso wake ukaanza kubadilika, si kwa huzuni.

"Ilikuwa Desemba, mwaka wa pili baada yake, karibu na Krismasi. Mwezi ulikuwa mkubwa," alisema. "Omena hawavuliwi mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo mashua zote zilikuwa ufukweni, na kisiwa kizima kilikuwa hakina kazi. Uchungu uliponishika, walikuja wote. Wanaume walisimama nje wakibishana kama ni msichana. Kulikuwa na mwanga mwingi, hata taa hatukuwasha—"

Nyatichi akaiweka kalamu mezani, akageuza kiti ili asikie vizuri.